Fundi bomba nimejifunza filimbi ukubwani: re inatoka, do ya chini imegoma

FundiBomba_Mabatini:

Wakuu, salamu kutoka Mwanza. Nitaanza mbali kidogo, mwenye haraka ashuke moja kwa moja mpaka kwenye swali huko chini.

Mimi ni fundi bomba, mwaka wa 22 sasa, na umri wangu ni miaka 47. Zile nyumba mnazoziona kwenye picha za Mwanza zimekaa juu ya mawe kama mbuzi, Mabatini, Isamilo, Igogo, nyingi nimezipandishia maji kwa mgongo wangu mwenyewe. Kazi ya milimani si kama ya tambarare. Bomba hulifukii, maana udongo wa kulifukia haupo, ni jiwe tupu. Linatambaa juu ya mwamba, linachomwa na jua mchana kutwa, baada ya muda linapasuka. Basi mimi nalipwa kutafuta panapovuja. Naamka na kuvuja, nalala na kuvuja.

Sasa, fundi bomba yeyote ana mazoea ya kupuliza. Kabla ya kuunga kipande unakipuliza kwanza, kama kuna mchanga au buibui kajenga humo atoke. Mwezi wa tatu nikiwa kazini Isamilo nilipuliza kipande cha nusu inchi, mdomo ukakaa vibaya, pumzi ikapita juu ya tundu badala ya kuingia ndani. Bomba likalia. Haukuwa mlio wa maana, ni kama mtu anayeshangaa kwa mbali: huuu. Saidia fundi wangu akacheka. Nikarudia. Nikarudia tena. Siku ile tulichelewa kufunga kazi na mwenye nyumba akanuna.

Usiku nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa sijakifikiria kwa miaka 35. Zamani, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, ukienda Sengerema unasubiri kivuko, na kusubiri kwenyewe kunaweza kula nusu siku. Nilikuwa na miaka kama 12, niko na mama, tumekaa na mizigo. Pembeni kulikuwa na kijana wa ng'ombe, amekaa juu ya gunia la mtu, anapiga filimbi ya mwanzi. Hakuwa anampigia yeyote. Alikuwa anajipigia tu, macho yako majini. Nikamwambia mama nataka ile. Akasema utaipata. Kivuko kikaja, watu wakasukumana, ikaishia hapo.

Kesho yake nikachukua kipande kilichobaki, nikafungua video kwenye simu. Mzungumzaji alikuwa anatumia lugha nisiyoielewa, nikamzima sauti nikabaki naangalia vidole. Nikatoboa kwa drili: tundu moja la kupulizia, matundu sita ya vidole. Kizibo cha upande wa juu nimechonga kutoka kwenye ndala ya zamani ya mwanangu, ya bluu. Kutoka tundu la kupulizia mpaka mwisho wa bomba ni sentimita 39.

Siku tisa sikupata kitu. Upepo tu, fyuuu, kama tairi la baiskeli. Na kizunguzungu juu, mpaka mke wangu akasema nikianguka kwenye mawe asiulizwe. Siku ya kumi, jioni, nimekaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba, nimeshakata tamaa na wala sipulizi kwa nguvu, sauti ikatoka. Nyembamba, safi, haina upepo ndani yake. Mawe ya upande wa pili yakanirudishia. Kulikuwa na pimbi watatu wanaota jua la mwisho, wakainua shingo wote watatu kwa pamoja, wakanitazama, hawakukimbia. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Nimejaribu kumweleza mke wangu furaha hiyo inatoka wapi, nikashindwa. Labda nyie mtanielewa. Miaka 22 nazuia mabomba yasivuje. Filimbi ni bomba linalovuja kwa mpango: unachagua livujie wapi, na kila pa kuvujia pana sauti yake. Halafu hakuna anayenisubiri nimalize. Hakuna mteja. Nikikosea, maji hayamwagiki kwa mtu.

Kero ni majirani. Kiswahili chetu kimeipa filimbi ya muziki jina moja na ya refa, basi waliposikia fundi kanunua filimbi (hata sijainunua) wakauliza nachezesha ligi gani. Mtoto wa jirani ananiita trafiki. Na mama yangu, ambaye tunaishi naye sasa, ana zaidi ya miaka 80, amepiga marufuku isilie baada ya jua kuzama. Anasema mluzi wa usiku unaita nyoka, na filimbi ni mluzi uliovaa koti.

SWALI. Kuna wimbo mama alikuwa anauimba shambani tukipalilia pamba, kwetu Magu. Nimeupata wote kwa kusikiliza kichwani, isipokuwa mwisho. Mwisho unashuka: mi, re, do. Mi inatoka. Re inatoka vizuri tu. Nikifunga matundu yote sita nipate do ya chini, inakoroma, inakatika, nikiongeza pumzi inaruka juu kabisa na kulia kama kinda la ndege. Kwa hiyo wimbo wa mama kila siku naukatia kwenye re, kama mtu aliyenyang'anywa neno mdomoni. Tatizo ni pumzi yangu, ni bomba, au ni ile ndala?

Naomba majibu machache yenye akili. Miluzi mingi humpoteza mbwa.

---

Sangara_Mkavu:

Fundi umesahau kufungua geti valvu.

---

Mwalimu_Sengerema:

Mkuu, umenikumbusha kivuko, nimezeeka pale nikisubiri na madaftari ya wanafunzi.

Nafundisha fizikia, ngoja nikuanzie hapo. Sauti kwenye hewa ya nyuzi 25 husafiri karibu mita 346 kwa sekunde. Bomba lililo wazi pande zote mbili (na filimbi yako iko wazi pande mbili, maana tundu la kupulizia nalo ni mlango) hutoa sauti yake ya chini kabisa pale urefu wake unapokuwa nusu ya wimbi. Kwa sentimita 39 hesabu ya ubaoni inatoa mitetemo kama 440 kwa sekunde. Lakini hewa haiishii kwenye ukingo wa bomba, inachungulia nje kidogo kila upande, kwa hiyo bomba linajiona refu kuliko futi yako inavyosema. Ukiongeza hizo sentimita nne tano zisizoonekana unafika kwenye 390 hivi, ambayo wenye piano wanaiita G. Ndiyo do yako hiyo. Maana yake urefu hauna shida.

Kuhusu kuruka juu: bomba lile lile lina sauti ya pili, mara mbili ya ile ya kwanza, na ukipuliza kwa kasi hewa inaihamia hiyo. Sauti ya chini inataka pumzi ya polepole, pana na ya moto, kama unapuliza kioo cha miwani ukifute. Kizibo nacho kipime. Umbali kutoka katikati ya tundu la kupulizia mpaka kwenye kizibo uwe kama upana wa ndani wa bomba. Ukikiweka mbali sana sauti za juu zinapotoka.

Jaribu pumzi ya kioo kwanza. Na kile kizunguzungu ni kwa sababu ulikuwa unapumua nyingi na haraka kupita mwili unavyohitaji, ukipumzika kila baada ya dakika chache kitaisha chenyewe.

---

Bei_Sawa_Kirumba:

Mimi naona unapoteza muda na bomba la choo. Nunua filimbi ya kweli, tena uanze na mwalimu. Kifaa cha hovyo kinatoa sauti ya hovyo. Na kama lazima utengeneze, matundu yatoboe kwa msumari wa moto, yanakuwa laini kuliko drili.

---

Mwalimu_Sengerema:

Hapana, hapana, msumari wa moto usiguse PVC, yaani plastiki ya bomba hilo! Mwanzi ndiyo, tangu zamani unatobolewa kwa chuma cha moto, na tundu linatoka safi bila kuupasua. PVC ikiungua inatoa moshi wenye asidi, unakausha koo na kuharibu mapafu, na mtu mwenyewe ndiyo kwanza anataka pumzi. Drili na msasa vinatosha.

---

NshomileWaZiwani:

Bei_Sawa, taratibu kidogo. Nikuulize: unawajua wale watoto wa mitaa ya Johannesburg miaka ya 1950? Walikuwa wanapuliza filimbi za bati zenye matundu sita, kitu cha dukani cha bei ya pipi, jamaa mmoja wa Uingereza aitwaye Robert Clarke alianza kuzitengeneza mwaka 1843. Kwenye vichochoro wakatengeneza muziki mzima unaitwa kwela. Spokes Mashiyane alitokea huko, na santuri zake ziliuzwa sana. Walikuwa wanaiegemeza filimbi upande mdomoni, shavu limeinama, hakuna mwalimu aliyewafundisha hivyo. Bati, mkuu. Bomba la choo lina heshima zaidi.

Mimi ni wa Bukoba lakini nilikaa Kampala miaka sita. Baganda wana filimbi yao, endere. Haina tundu la ubavuni kama la fundi. Wanachonga pengo kwenye ukingo wa juu, unaiweka chini ya mdomo na kupuliza kama unavyopuliza chupa ya soda. Matundu manne tu. Manne! Nilinunua moja, nikadhani matundu manne nitayamaliza kwa wiki. Mwezi wa kwanza nilitoa mate tu. Mzee aliyeniuzia nilipomrudia kulalamika aliichukua, akaifuta kwenye shati lake, akapiga kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka nasimama. Akanirudishia bila kusema neno. Nikaona haya kudai hela yangu.

Wanazipiga nyingi pamoja, kubwa na ndogo, kila moja na nafasi yake, ngoma zikiwa chini. Siku ukipita Kampala tafuta watu wanaopiga hivyo.

Kuhusu do yako sina jibu, samahani. Nimekuja kupiga soga.

---

AltoWaKwaya:

Shikamoo kaka fundi. Mimi naimba kwaya, sauti ya pili, na filimbi sijawahi kuishika. Lakini nimesoma swali lako mara tatu kwa sababu kuna kitu kimenikera.

Umesema re inatoka vizuri. Umesema do haitoki. Kama nimeielewa hii filimbi, unafunga yote sita unapata do, unainua kidole cha mwisho unapata re, unainua kinachofuata unapata mi, na kuendelea. Kwa hiyo pumzi ni ile ile, bomba ni lile lile, kizibo ni kile kile. Kati ya re na do kuna tofauti ya kidole kimoja. Wewe unatafuta tatizo kwenye bomba zima, wakati tofauti iko chini ya kidole cha pete cha mkono wa kulia. Au nimekosea?

---

Mwalimu_Sengerema:

Nimevua kofia. Miaka 19 nafundisha na nimekimbilia mita 346 kwa sekunde!

Fundi, pima hivi. Chukua tepu nyeusi ya umeme, ziba matundu yote sita kwa tepu, usiweke kidole hata kimoja, halafu puliza polepole. Do ikitoka, bomba lako ni zima na mwenye makosa ni vidole. Kisha bandua tepu ya juu, weka kidole, puliza. Bandua ya pili, weka kidole, puliza. Shuka hivyo hivyo mpaka sauti ikatike. Hapo utakuwa umemkamata mwizi.

---

MamaOmena_Dunga:

Hamjambo huko Mwanza, nawasalimu kutoka Kisumu, ziwa ni letu sote.

Mimi nilianza kwa hasira. Kijana wangu alipofika Gredi ya 4, mtaala huu mpya ukataka kila mtoto awe na rekoda. Rekoda ni hiyo filimbi ya plastiki yenye mdomo kama wa ndege, matundu saba mbele na moja nyuma la kidole gumba. Pesa zilikuwa kidogo lakini nikanunua. Akaipiga wiki mbili, akaitupa chini ya kitanda. Nikaiona siku moja nikifagia, nikasema haiwezekani, hii kitu imenigharimu, lazima mtu kwa hii nyumba aipige.

Nauza omena, nyinyi mnaita dagaa. Kuna saa za kungoja pale ufuoni, mashua hazijarudi na huna la kufanya ila kuongea vibaya kuhusu watu. Nikawa natoka na rekoda kwa kikapu. Wanawake wenzangu walinicheka hadi wakachoka. Sasa nikisahau kuibeba wananiuliza iko wapi. Nyimbo zangu ni nne na nusu. Hiyo nusu ina sauti moja ya juu ambayo kidole gumba kinatakiwa kufungua kidogo tu, kama mtu anayechungulia mlangoni, na changu kinafungua mlango mzima.

Nilikuwa na shida kama yako lakini kwa sauti mbili za chini. Nilikuwa nafinya kwa ncha za vidole, kwa nguvu, hadi mkono unauma, na bado hewa inatoroka. Dawa niliyopata: tumia nyama ya kidole, ile laini inayoguswa na wino ukiweka alama ya kidole, sio ncha. Usifinye sana. Halafu fanya hivi: funga matundu, kandamiza kidogo, kisha toa mkono uangalie vidole. Kila kidole kinapaswa kuwa na duara kamili la tundu lililojichora. Ukiona duara limekatika kama mwezi mchanga, hapo ndipo hewa inatoroka. Hakuna mwalimu anayesema ukweli kama hiyo duara.

---

Ng'wanaKisesa:

Fundi ukiiva uilete Bujora wakati wa Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Kisukuma ya mwezi wa sita, tuone kama itasikika yale makundi mawili ya ngoma, Bagalu na Bagika, yakianza kushindana. Mimi nasema haitasikika hata ukiiunganisha na pampu.

---

FundiBomba_Mabatini:

Wakuu, nimerudi. Siku mbili nilikuwa Nyegezi kwenye kazi ya tangi, leo ndiyo nimekaa.

Kwanza nimeona aibu. Mtu anayelipwa kutafuta panapovuja ameshindwa kuona panapovuja kwenye bomba la sentimita 39. Dada wa kwaya, wewe ukichoka kuimba njoo uwe saidia fundi wangu.

Nimefanya jaribio la tepu. Kwangu mimi hiyo ni lugha ya kila siku, ndivyo tunavyopima presha: ziba kila mahali, kisha fungua kimoja kimoja. Tepu zote sita zikiwa zimekaa, nikapuliza ile pumzi ya kioo cha miwani. Do ikatoka. Nene, imetulia, nikaisikia mpaka kwenye taya. Nilikuwa sijawahi kuisikia, na ilikuwa humo ndani muda wote! Nikaanza kubandua. Kidole cha kwanza sawa, cha pili sawa, cha tatu, cha nne, cha tano. Cha sita, ikakoroma.

Nikatazama duara kama Mama wa Dunga alivyosema. Vidole vitano vina duara zima. Cha pete, mkono wa kulia, kina mwezi mchanga wa siku ya pili.

Sasa niwaeleze. Hicho kidole kilibanwa na spana ya bomba mwaka 2009. Kilipona lakini kiungo cha juu kimepinda kwa ndani, hakinyooki. Miaka yote hii nashika spana, nashika msumeno, nashika kijiko, hakijawahi kunisumbua hata siku moja, mpaka nikawa nimekisahau kwamba kimepinda.

Dawa rahisi ilikuwa kukata bomba jipya na kutoboa tundu la sita pembeni kidogo, pale kidole kinapoangukia chenyewe. Lakini hili bomba nimeshalizoea, na ile ndala ya bluu imeshakaa. Nikafanya ya kifundi. Nimelikata katikati kwa msumeno wa chuma, kati ya tundu la tatu na la nne, kisha nikaliunga tena kwa soketi ya nusu inchi bila gundi. Soketi nzima ilikuwa ndefu, inafunika matundu, nikaikata pande zote mbili mpaka ikabaki kama pete. Ncha mbili za bomba zinagusana humo ndani, na nimezizungushia ile tepu nyeupe ya kwenye meno ya bomba, mizunguko miwili, hewa haipiti. Sasa kipande cha chini kinazunguka. Nikakigeuza kidogo kuja upande wangu, kidole cha pete kikalala juu ya tundu lake bila kulazimishwa. Nikatazama duara. Zima.

Bei_Sawa, kwa heshima zote, bomba lako la dukani haliwezi kufanya hivyo.

Jambo moja zaidi, huenda likamsaidia mwingine. Sasa nimegundua nikipiga asubuhi na mapema, ule upepo wa ziwani ukiwa bado wa baridi, sauti zote ziko chini kidogo, na nikiendelea kupiga zinapanda zenyewe. Nilidhani masikio yangu yameharibika. Mwalimu?

---

Mwalimu_Sengerema:

Masikio yako mazima. Sauti husafiri taratibu kwenye hewa ya baridi, kwa hiyo bomba lile lile linatoa mitetemo michache. Pumzi yako inalipasha moto, sauti inapanda. Wapigaji wengi wa filimbi huwa wanaipasha moto kwa mwili au kuipuliza kimya kimya kabla ya kuanza.

---

AltoWaKwaya:

Nimefurahi mpaka nimewasomea wenzangu kabla ya mazoezi. Besi mmoja sasa anataka kujua bomba la robo tatu linauzwa wapi.

Kaka fundi, kwa kuwa unazijua do re mi, huna haja ya video za lugha ngeni. Karibu kwaya zote za huku zinaimba kwa herufi zile zile, d r m f s l t, na makaratasi yapo kila parokia na kila usharika. Wewe soma herufi, hesabu vidole. Sita d, vitano r, vinne m, vitatu f, viwili s, kimoja l, wazi kabisa t. Nyimbo zinazoshuka chini ya do ndizo zitakushinda, hizo zisogeze. Anzia do yako kwenye vidole vitatu, kisha panda juu. Utakwama kwenye fa tu. Hapo fungua kidole cha kwanza, funga cha pili na cha tatu, mengine yote wazi. Ikigoma, ifunge na ifungue nusu nusu mpaka sikio liridhike.

---

FundiBomba_Mabatini:

Wabeja sana. Nimeandika kwenye ukuta wa stoo kwa chaki.

Huyo besi mwambie robo tatu ni pana, vidole vyake viwe vinene kama vya kwangu. Saidia fundi wangu ameshajikatia ya kwake ya robo tatu, tena ndefu, ili iwe na sauti nzito kuliko ya bosi. Matundu yamekaa mbalimbali, anatanua vidole mpaka anakunja uso. Sijamwambia kitu. Siku ya kumi atajua mwenyewe.

---

Sangara_Mkavu:

Sasa wimbo wa mama vipi? Tumesoma mpaka huku kwa ajili hiyo. Na nyoka?

---

FundiBomba_Mabatini:

Nyoka bado hajaja.

Jana nilikaa kwenye jiwe kabla jua halijazama, nikaupiga wote. Mama alikuwa uani anachambua mchele. Nilipofika mwisho nikashuka mi, re, nikafunga kidole cha pete, do ikatoka, nikaishikilia mpaka pumzi ikaisha. Nikamsubiri. Hakuinua uso kwenye ungo. Akachambua, akapuliza pumba, akachambua tena. Halafu akasema:

"Mbona unakimbia? Nani anakufukuza? Anza tena."